Wiki Kavu Ukingoni mwa Ziwa Perch

Kufikia Jumatatu asubuhi Marlys Kangas alikuwa ameshachoka kuulizwa habari za mvua. Aliulizwa na mwuza mafuta, akaulizwa na mchungaji kabla hata hawajapeana mkono, na daktari wa meno akamwuliza huku vidole viwili vimo kinywani mwake, asiweze kujibu hata kama angetaka. Mji mzima wa Lindahl ulimjua kwa sauti. Ndiye aliyesoma redioni kila asubuhi hali ya hewa ya ukanda wa kusini mwa Ziwa Superior, na kila mwanzo wa wiki aliandika mwelekeo wa siku zijazo. Watu walimchukulia kana kwamba bomba la mbinguni liko jikoni kwake, na ni roho mbaya tu inayomzuia kulifungua.

Wiki hiyo habari zilikuwa zile zile. Hewa nzito ilikuwa imeyakalia maziwa yote makuu kama kuku aliyelalia mayai, haibanduki. Mchana jua, usiku baridi ya kuvaa soksi, wingu halionekani. Majani ya miti yalikuwa yamegeuka mekundu na manjano mapema, na wageni waliyasifu wasijue kwamba ni kiu. Visima vya watu wa mashambani vilikuwa vikitoa maji yenye rangi ya chai. Marlys aliyaandika yote hayo, kisha chini yake akaandika lililomtia wasiwasi kuliko mengine: Jumatano, baada ya saa sita mchana, upepo mkali kutoka kusini. Nyasi ni kavu kama karatasi. Mtu asiwashe moto wa nje, hata mdogo.

Kahawa yake haijafika nusu, simu ikalia. Alikuwa Bev Stroud, mwenye hoteli ya bandarini.

"Marlys mpenzi, nimekusikia leo. Hilo neno moto umelitaja mara ngapi?"

"Sikuhesabu, Bev."

"Mimi nimehesabu. Wageni wangu wanatoka Chicago kuja kuangalia majani. Wakisikia moto, wanafuta safari. Huwezi kusema tu kwamba kuna jua zuri?"

"Nimesema kuna jua."

"Umesema kwa sauti ya msibani."

Marlys alifumba macho akashusha pumzi. "Haya, Bev. Kesho nitacheka."

Baada ya Bev akapiga mkulima wa viazi, aliyetaka kujua kwa nini mvua ya wiki iliyopita iliishia ziwani yote isimfikie hata tone. Baada yake akapiga mama mmoja ambaye bintiye angeolewa Jumamosi kwenye bustani, akataka ahadi kwamba tone halitadondoka. Mmoja aliitaka mvua, mwingine hakuitaka, na wote wawili walikata simu wakiwa wamemkasirikia yeye.

Ilibaki simu moja ambayo ilimbidi aipige mwenyewe, na ndiyo aliyokuwa akiikwepa tangu asubuhi.

Baba yake, Arvid Kangas, alikuwa amevuka miaka themanini na akikaa peke yake kwenye shamba la ukoo, ukingoni mwa Ziwa Perch, ziwa dogo lililojificha nyuma ya vilima, mwendo wa nusu saa kwa gari kutoka mjini. Mkewe alikwisha kufariki na ng'ombe alikwisha kuwauza. Alichobaki nacho ni nyumba, uwanda wa nyasi upande wa mashariki, na sauna ya magogo iliyojengwa na babu yake kando ya maji, ambamo alioga mvuke kila Jumatano na kila Jumamosi kama mtu anayekwenda ibada. Na alikuwa na rundo la matawi. Kila mwaka alipogoa misonobari yake, akayarundika matawi nyuma ya sauna, na mwishoni mwa mwezi wa tisa akayachoma.

"Baba, umesikiliza redio leo?"

"Nimesikiliza. Kuna mwanamke pale anapenda kutisha watu."

"Baba."

"Sauti yake nzuri lakini. Sijui kaitoa kwa nani."

"Lile rundo lako. Usiliguse wiki hii. Umenisikia? Usiliguse."

"Nilikuwa nachoma matawi hapa kabla wewe hujazaliwa. Kabla hata mama yako hajanikubali."

"Na kibali? Gordy amesimamisha vibali vyote." Gordy Maki alikuwa mkuu wa wazimamoto wa kujitolea wa eneo lile.

"Gordy nilimfundisha mimi kuendesha baiskeli."

"Hilo linahusiana nini na kibali?"

"Alikuwa anaanguka kila mara. Leo mtu kama huyo ndiye anipe mimi ruhusa?"

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakusema afanye nini mtoto ambaye mkuu wake ndiye asiyesikia. Marlys alibembeleza, akafoka, akabembeleza tena, mpaka mzee akasema, "Haya, haya, nimekusikia, usinipasue sikio." Kisha, akiwa karibu kukata simu, akauliza kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya chumvi, "Huo upepo wako wa Jumatano, ni saa ngapi?"

"Baada ya saa sita," akajibu Marlys. Alikuwa amechoka. Hakujiuliza kwa nini anaulizwa.

Jumatano aliamka mbingu zikiwa safi kama sahani iliyooshwa. Majira kama yale, asubuhi huwa na ukungu. Hewa ya baridi hushuka usiku ikalala kwenye mabonde na juu ya maziwa madogo kama blanketi, ukungu ukajaa, na upepo wa juu hauwezi kushuka mpaka jua lipande na kulifunua lile blanketi. Ndiyo maana Marlys aliandika saa sita. Alipokuwa akiandika aliutegemea ukungu, kwa sababu mwezi wa tisa ukungu haukosi.

Lakini ukungu huzaliwa na unyevu, na ardhi ile haikuwa na unyevu wa kumlowesha hata panzi. Alipotazama dirishani mwa ofisi, bonde lote lilikuwa wazi, linang'aa. Jua lilikuwa linaipasha nchi bila kizuizi. Saa tatu ya asubuhi ilikuwa haijaisha, na ile bendera ya posta, ng'ambo ya barabara, ikajinyoosha ghafla kama mtu aliyeitwa jina. Kisha miti ya uwanjani ikainama yote kwa pamoja kuelekea kaskazini.

"La hasha," akasema Marlys peke yake. "La hasha, la hasha."

Alikuwa anaandika tahadhari mpya, simu ilipolia. Alikuwa Darlene Oberg, jirani wa baba yake, mama wa makamo aliyefuga ng'ombe wa maziwa upande wa pili wa uzio.

"Marlys, baba yako hapokei simu."

"Kuna nini?"

"Kuna moshi, dada. Nimeshampigia Gordy. Njoo."

Njia nzima Marlys alimgombeza baba yake kwa sauti, peke yake ndani ya gari, na alipomaliza kumgombeza baba akaanza kujigombeza mwenyewe. Moshi aliuona kabla ya kufika kilimani, umelala chini kabisa, umesukumwa na upepo kuelekea kwa Darlene.

Alimkuta mzee katikati ya nyasi za kaskazini mwa sauna, ameshika gunia lililoloweshwa maji, anaupiga moto kama mtu anayepiga nyoka. Kofia hana. Nyusi hana. Mpira wa maji aliokuwa amejiandalia ulikuwa umelala nyuma yake, umeyeyuka katikati. Sauna yote ilikuwa inawaka, inalia kwa mipasuko mikubwa, lakini hakuitazama. Moto ulikuwa umeshaipita, umekimbia juu ya nyasi kwa miguu myepesi, umeruka uzio na kuyafikia marobota ya nyasi ambayo Darlene alikuwa ameyapanga kwa ajili ya ng'ombe wake majira ya baridi.

"Baba! Toka hapo!"

"Shika gunia lile!"

"Nimesema toka!"

"Shika gunia, Marlys, acha kuhubiri!"

Akashika gunia. Walipiga moto bega kwa bega, wanakohoa, hawasemezani, huku Darlene mwenyewe akiwa juu ya trekta lake, analima kwa plau mkanda mpana wa udongo mtupu kati ya marobota yanayoungua na zizi. Gari la zimamoto likaja likitikisika kwenye njia ya shamba, na Gordy na watu wake wakavuta maji ziwani kwa pampu. Zizi lilipona. Ng'ombe walipona wote. Marobota yaliteketea yote, na sauna ikabaki jiko lake la mawe na bomba la moshi lililopinda.

Gordy alipomaliza, uso mweusi kwa masizi, alimjia mzee na karatasi ya faini.

"Mzee Arvid, inanibidi."

"Lete."

"Ningependa ujue kwamba sifurahii."

"Gordy, lete karatasi ukaangalie kile kinamasi. Kinatoa moshi."

Ni kweli. Nyuma ya shamba kulikuwa na kinamasi ambacho miaka mingine mtu angezama mpaka magoti. Mwaka huo kilikuwa kimekauka, na chini ya majani mlikuwa na udongo mweusi wa mboji, mizizi na majani ya karne nyingi, unaoungua kama makaa. Moto ulikuwa umezama humo ndani. Juu hapakuonekana mwali, bali moshi mwembamba tu, hapa na pale, kama wazee wanaovuta kiko chini ya ardhi. Gordy alipiga magoti, akaweka kiganja juu ya udongo, akakiondoa haraka.

"Huu hauzimiki leo," akasema. "Unataka mvua." Akainua kichwa akamtazama Marlys. Watu wake wote wakamtazama Marlys.

"Msinitazame mimi," akasema. "Hakuna mvua. Si kesho, si kesho kutwa, si Jumapili. Hakuna."

"Hata ya kudanganyia?" akauliza mmoja.

"Hakuna!"

Wazimamoto walipokwenda kuvuta mipira, alibaki na baba yake kwenye ngazi ya nyumba. Mzee alikuwa anafuta macho kwa kitambaa, na Marlys hakujua kama ni moshi.

"Nilikwambia," akasema. Alikuwa amejiapiza hatalisema neno hilo, likatoka lenyewe. "Nilikwambia kwa Kiswahili chepesi kabisa, usiliguse."

Hapo sisi wasimulizi tunacheka, maana mwenyewe alitumia lugha ya kwao. Lakini ndivyo alivyomaanisha: kwa maneno ambayo hata mtoto wa kuku angeyaelewa.

"Uliniambia upepo baada ya saa sita," akajibu mzee.

"Nini?"

"Nilikuuliza, ukanijibu. Baada ya saa sita. Nikawasha asubuhi mapema, nikajua mpaka saa nne rundo limekwisha, saa tano nimeshamwaga maji, saa sita upepo wako unakuja unakuta majivu. Nilikusikiliza, Marlys. Maisha yangu yote hiyo ndiyo siku niliyokusikiliza."

"Ulisikiliza nusu!"

"Nusu niliyoihitaji."

Marlys alitaka kumtikisa mabega. Alitaka pia kulia, kwa sababu ndani ya upumbavu ule wa mzee mlikuwa na punje moja ya haki. Upepo ulikuwa umekuja saa tatu. Yeye ndiye aliyeutegemea ukungu usiokuwapo, katika wiki ambayo mwenyewe aliieleza kuwa kavu kupita kiasi.

"Nenda ukaoshe uso," akamwambia. "Unanuka kama nyama ya kuokwa."

Alhamisi asubuhi alikaa mbele ya kipaza sauti, mikono bado inanuka moshi. Akasoma kama kawaida: jua, ukavu, upepo umepoa. Kisha akaiweka karatasi pembeni, na mtangazaji mwenzake akamtazama kupitia kioo.

"Jana niliwaambia upepo utafika baada ya saa sita mchana," akasema. "Ulifika saa tatu. Nilikosea saa. Kuhusu moto sikukosea, na ombi langu ni lile lile: msiwashe. Pale Ziwa Perch bado ardhi inaungua kwa chini, na wanaohitajika ni watu wenye makoleo."

Hakuwa ameshuka ngazi za redio, Bev Stroud akapiga.

"Sasa umesema ardhi inaungua kwa chini! Kwa chini, Marlys! Kama jehanamu!"

"Bev, una makoleo hotelini?"

"Ninayo ya theluji," akasema Bev.

"Yalete."

Bev hakuyaleta yeye, lakini aliyatuma, pamoja na sufuria kubwa ya supu. Walikuja watu wengine pia, wengine kwa huruma, wengine kwa kutaka kuona. Kazi ilikuwa ya kukera kuliko moto wenyewe. Unachimba pale penye moshi, unafika kwenye kaa, unamwaga maji, unakoroga tope kama ugali, unahisi kwa mkono kama limepoa. Ukigeuka, moshi unatokea hatua tatu nyuma yako. Kila aliyeinua mgongo alimwuliza Marlys habari za mvua. Marlys, ambaye kila siku alikuja baada ya kazi na kapu la maandazi ya nyama na viazi wanayoyaita pasti, alifika mahali akawa anajibu kabla hajaulizwa.

"Hakuna. Kula pasti."

Mzee Arvid hakuondoka pale. Walimwambia apumzike, akasema amepumzika miaka ishirini. Alichimba polepole, anasimama, anachimba, paji lake la uso jekundu bila nyusi, kama la mtoto mchanga. Na Darlene alikuwa akichimba upande wa pili wa kinamasi, hamsemeshi. Alimsemesha kila mtu ila yeye. Alipotaka ndoo iliyo mbele ya mzee, alimwambia Marlys, "Mwambie baba yako anipe ndoo," na mzee akamwambia Marlys, "Mwambie ndoo hiyo hapo."

"Nyie wawili mna umri gani?" Marlys akafoka. "Kazi yangu ni hali ya hewa, mimi si posta!"

Ijumaa ikapita hivyo. Jumamosi, bibi harusi wa bustanini akaolewa chini ya jua tupu, na mamaye akamtumia Marlys kipande cha keki kana kwamba ni yeye aliyelipanga. Jioni ile, Gordy alitembea juu ya kinamasi chote, akainama kila mahali, akaweka kiganja, akanusa. Kisha akatupa glavu zake chini.

"Umekufa," akasema.

Watu walipiga makofi machache ya uchovu. Mvua haikuwa imesaidia hata tone. Mzee Arvid aliegemea koleo lake, kisha akavuka kinamasi kile cha majivu na tope, kwa miguu yake mwenyewe, mpaka kwa Darlene. Marlys alisogea karibu, akiogopa wataparuana.

"Darlene," akasema mzee. "Nyasi zako nimezichoma mimi. Upepo haukuwasha kiberiti."

Darlene alikuwa anakung'uta tope kwenye buti. Hakuinua kichwa. "Ng'ombe wangu hawali maneno, mzee Arvid."

"Najua. Ule uwanda wangu wa mashariki haukuguswa. Nyasi zimesimama mpaka magotini, mimi sina mnyama. Kata zote. Mwaka huu, na mwakani, na mpaka nife."

"Usianze kufa hapa ili nikuonee huruma."

"Sifi. Nasema tu."

Darlene akafikiri. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu Jumatano, akamgeukia Marlys na swali la kazi yake. "Nikikata kesho, zitakauka kabla hazijanyeshewa?"

Na Marlys, aliyekuwa amechukiwa wiki nzima kwa sababu ya jua lile, akajikuta anacheka. "Zitakauka, Dada Darlene. Kwa hilo naweka mkono wangu juu ya Biblia. Saa sitaji."

Jumapili baada ya kanisa walikata. Darlene aliendesha trekta lake lenye mashine ya kukatia. Marlys akapewa trekta kuukuu la baba yake, avute reki nyuma yake na kuzipanga nyasi kwa mistari. Hakuwa amekaa juu yake tangu usichanani. Mzee alisimama ukingoni na fimbo, amevaa kofia ya kuazima iliyomzidi, anapiga kelele kila binti alipopita.

"Unakwenda upande, Marlys! Mstari huo ni wa nyoka!"

"Nakusikia!"

"Kata kona mapema!"

"Nakusikia, Baba!"

"Hunisikii! Ungenisikia ungekuwa umekata kona!"

Marlys alizima injini. Kimya kikashuka juu ya uwanda, na harufu ya nyasi mbichi ikapanda mpaka kichwani. Darlene naye alisimamisha mashine yake mbali kule, akageuka kuangalia, mkono juu ya macho.

"Baba," akasema Marlys, "njoo ukae hapa kwenye kibao cha pembeni. Kama ni kunipigia kelele, nipigie kwa karibu, nisikose hata neno."

Mzee alinung'unika kwamba kibao kile ni cha watoto. Kisha akaja. Ilimbidi binti amvute kwa mikono miwili, na alipokaa alipumua kwa nguvu, akashika chuma cha mgongo wa kiti kama mtu aliyepanda mashua. Marlys akawasha. Wakaenda mistari yote iliyobaki hivyo, mzee anaelekeza, binti anabisha, mpaka uwanda wote ukawa umelala katika safu, nusu zimenyooka na nusu hazikunyooka, zinakauka.